Matumizi ya Simu ya Mkononi kwa Wasafiri Waendao Nchi za Nje: Namna ya Kuepuka Gharama Zisizo za Lazima

Kila mwaka wakaazi wengi wa Unguja na Pemba husafiri kwenda nchi za nje kwa sababu mbali mbali. Wapo waendao India kwa matibabu, wapo waendao Makka na Madina kwa ibada ya Hija na Umra, wapo watumishi wa Serikali waendao China na kwengineko kwa mafunzo, na wapo wafanyabiashara na jamaa waendao Dubai, Muscat na Mombasa. Wote hao huchukua simu zao za mkononi, na wengi wao hutaraji kuwa simu hiyo itafanya kazi huko kama inavyofanya kazi Darajani au Chake Chake. Ni kweli kwamba mara nyingi simu itafanya kazi. Lakini bei yake haitakuwa ile ile.

Jambo hili si dogo. Fedha zinazoliwa na simu ugenini ni fedha zilizokusudiwa dawa, chakula, nauli au posho ya safari. Aidha, msafiri aliyemaliza salio lake kwa mazungumzo ya salamu hawezi kupatikana siku ambayo jamaa zake au daktari wanamhitaji kwa jambo la dharura. Kwa hivyo wananchi na watumishi wa Serikali wanashauriwa kufahamu kwamba gharama ya simu ya ugenini huamuliwa zaidi na maandalizi yanayofanywa kabla ya kuondoka nyumbani kuliko yale yanayofanywa baada ya kufika.

SIMU INAVYOFANYA KAZI NJE YA NCHI

Laini ya simu iliyosajiliwa Tanzania ni mali ya mtandao wa Tanzania, na hauna minara Mumbai wala Jeddah. Inapowashwa huko, simu hutafuta mnara wowote wenye nguvu. Mtandao wa nchi hiyo huitambua laini kuwa ni ngeni, na papo hapo huuliza mtandao wa nyumbani iwapo laini hiyo imeruhusiwa kuhudumiwa. Ikiwa mitandao miwili hiyo ina mkataba, na ikiwa mwenye laini amefunguliwa huduma hiyo, simu hupata ishara. Huduma hii ndiyo iitwayo romingi. Mkataba wa kwanza wa namna hii baina ya mitandao ya kisasa ulitiwa saini mwaka 1992 kati ya kampuni ya Finland na ya Uingereza, na tangu hapo utaratibu huo umeenea duniani kote.

Kwa kila dakika na kila kipimo cha data, mtandao wa ugenini huudai mtandao wa nyumbani, na mtandao wa nyumbani humtoza mwenye laini. Malipo hayo hupita mikono miwili, na kila mkono huchukua sehemu yake. Vifurushi vya kawaida vinavyonunuliwa Zanzibar, vya dakika au vya data, kwa kawaida havifanyi kazi nje ya nchi. Msafiri mwenye kifurushi cha mwezi mzima anaweza kufika ugenini, akatumia simu akidhani anatumia kifurushi chake, kumbe anakatwa salio la kawaida kwa bei ya nje.

KWA NINI ANAYEPIGIWA NAYE HULIPA

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba msafiri hutozwa hata anapopokea simu. Sababu yake ni nyepesi kueleweka. Jamaa aliyeko Mkoani anapopiga nambari ya Tanzania hulipa bei ya simu ya ndani ya nchi, kwani hajui, wala si lazima ajue, kwamba mwenye nambari yuko Chennai. Simu hiyo hufika kwenye mtandao wa nyumbani, kisha husafirishwa hadi India. Sehemu hiyo ya pili ya safari hulipwa na mwenye laini.

Tuchukue mfano wa hesabu, ambao si bei ya mtandao wowote. Ikiwa kupokea simu kunatozwa shilingi 2,000 kwa dakika, na muuguzaji aliyemsindikiza mgonjwa akapigiwa na jamaa 8 kwa siku, kila mmoja akizungumza naye kwa dakika 5, basi amepokea dakika 40, sawa na shilingi 80,000 kwa siku moja. Kwa siku 10 ni shilingi 800,000. Kila jamaa aliyepiga amefanya wema, lakini wema huo umelipwa kutoka katika mfuko wa mgonjwa. Ni vyema basi familia ikakubaliana mapema kwamba mtu mmoja tu ndiye atakayewasiliana na muuguzaji, naye awapelekee wengine habari.

Lipo pia suala la kuhamishwa kwa simu. Baadhi ya laini huwekwa ili simu isiyopokelewa ipelekwe kwenye sanduku la sauti au nambari nyengine. Laini kama hiyo ikiwa ugenini, simu isiyopokelewa huweza kusafirishwa hadi nchi ya nje na kurudishwa tena nyumbani, na mwenye laini akatozwa ingawa hakuzungumza na mtu. Dawa yake ni kufuta uhamishaji wote kabla ya kuondoka kwa kubonyeza ##002# na kupiga.

Ama ujumbe mfupi wa maandishi, kwa kawaida kuupokea hakuna malipo. Kuutuma hutozwa, lakini gharama yake hujulikana na haiongezeki kwa sababu ya maneno ya salamu.

DATA HUTUMIKA HATA SIMU IKIWA MFUKONI

Simu za kisasa hazikai kimya. Programu hujisasisha zenyewe, picha hupelekwa kwenye hifadhi ya mbali, barua pepe huvutwa, na vikundi vya WhatsApp huteremsha picha na video bila ya kuulizwa. Nyumbani mambo haya hayaonekani kwa kuwa kifurushi huyabeba. Ugenini kila megabaiti ina bei yake, na haba na haba hujaza kibaba. Usiku mmoja wa kulala huku data ikiwa wazi unatosha kumaliza salio lote kabla ya alfajiri.

Kwa kulinganisha, ujumbe wa maandishi wa WhatsApp hauchukui ila kilobaiti chache. Simu ya sauti kupitia WhatsApp huchukua kiasi cha nusu megabaiti kwa dakika, au pungufu ya hapo. Simu ya video huweza kuchukua mara kumi ya hiyo au zaidi. Msafiri mwenye data kidogo ana nafasi ya kuzungumza kwa sauti kwa muda mrefu, lakini hana nafasi ya video.

MAMBO YA KUFANYA KABLA YA KUONDOKA

Msafiri anashauriwa kukamilisha mambo yafuatayo akiwa bado nyumbani:

(a) Kwenda katika ofisi ya mtandao wake na kuuliza mambo manne: iwapo romingi imefunguliwa katika laini yake, bei ya kupiga, kupokea, kutuma ujumbe na kutumia data katika nchi anayokwenda, iwapo kipo kifurushi maalumu cha nchi hiyo, na jina la mtandao wa ugenini ambao kifurushi hicho kinafanya kazi. Kufungua huduma hii ukiwa tayari umeshafika ugenini huwa kuzito, na pengine hakuwezekani.

(b) Kuingia katika mipangilio ya simu na kuzima data ya romingi. Hatua hii haizuii kupokea ujumbe mfupi.

(c) Kuzima uteremshaji wa picha na video wa WhatsApp, na kuziagiza programu zijisasishe kwa waifai tu.

(d) Kuteremsha ramani ya mji anaokwenda, ili itumike bila ya intaneti.

(e) Kuandika upya nambari za jamaa kwa mfumo wa kimataifa, kwa kuondoa sifuri ya mwanzo na kuanza na +255. Nambari ya mezani ya Zanzibar yenye kuanza na 024 huandikwa +255 24, kisha tarakimu zilizobaki. Nambari isiyoandikwa hivyo haitafika ikipigwa kwa laini ya nchi nyengine.

(f) Kuhakikisha kwamba simu haikufungwa kwa mtandao mmoja. Simu iliyofungwa haikubali laini ya ugenini. Njia ya kujua ni kuijaribu kwa laini ya mtandao mwengine wa hapa nyumbani.

(g) Kunakili nambari muhimu katika karatasi na kuiweka pamoja na pasipoti, kwani simu huweza kupotea au kuishiwa moto.

NJIA NNE ZA KUWASILIANA

Njia ya kwanza ni kutumia laini ya nyumbani pamoja na kifurushi cha romingi. Njia hii inamfaa anayekwenda kwa siku mbili au tatu na ambaye lazima apatikane kwa nambari yake ya kazi. Ni nyepesi kuliko zote, lakini mara nyingi ndiyo ghali. Kifurushi kikimalizika, matumizi yanayofuata huweza kutozwa kwa bei ya kawaida ya nje, hivyo salio liangaliwe kila siku.

Njia ya pili ni kununua laini ya nchi anayokwenda. Kwa anayekaa wiki moja au zaidi, hii kwa kawaida ndiyo njia rahisi zaidi kwa bei. Msafiri hulipa bei ile ile anayolipa mwenyeji, na kupokea simu kwa laini hiyo ndani ya nchi hiyo kwa kawaida hakuna malipo. Laini inunuliwe katika duka la mtandao wenyewe na isajiliwe kwa pasipoti ya msafiri mwenyewe. Laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwengine ina hatari ya kufungwa, na humtia mwenye kuitumia mashakani.

Njia ya tatu ni laini isiyokuwa na kadi, iitwayo eSIM. Laini hii huwekwa ndani ya simu kwa kupiga picha alama maalumu, na huweza kununuliwa kwa njia ya intaneti kabla ya safari. Manufaa yake ni kwamba kadi ya nyumbani haitolewi. Hata hivyo, si kila simu inaikubali, na nyingi ya laini hizo hutoa data tu bila ya nambari ya kupigia. Ni lazima iwekwe mahali penye waifai, kabla ya kuondoka au mara baada ya kufika.

Njia ya nne ni waifai ya hoteli, hospitali, chuo au kiwanja cha ndege. Njia hii haina gharama au gharama yake ni ndogo, na humtosha msafiri ambaye hahitaji kupatikana kila wakati. Awapo njiani data ikiwa imezimwa, hatozwi kitu isipokuwa akipokea au kupiga simu ya kawaida.

Kwa wasafiri wengi mpango ulio bora ni kuchanganya njia hizi: laini ya nyumbani ibaki katika simu kwa ajili ya kupokea ujumbe tu, na laini ya ugenini au waifai itumike kwa mazungumzo na data. Mwenye simu yenye nafasi moja ya kadi anaweza kuchukua simu ndogo ya zamani na kuitia laini ya nyumbani humo. WhatsApp huendelea kutumia nambari ya nyumbani hata kadi nyengine ikitiwa katika simu, almuradi msafiri asikubali kubadilisha nambari pale programu inapomuuliza. Jamaa wataendelea kumpata kwa nambari wanayoijua.

HALI YA BAADHI YA NCHI

Wagonjwa na wauguzaji waendao India wafahamu kwamba mgeni hutakiwa pasipoti, visa na picha ili asajiliwe laini, na kwamba laini huweza kuchukua muda kabla ya kufunguliwa. Wajiandae kwa siku ya kwanza bila ya laini, kwa kutegemea waifai ya hospitali au mahali wanapofikia. Saa za India zimetangulia za Zanzibar kwa saa mbili na nusu. Simu ya saa 3 usiku kutoka Unguja humfikia mgonjwa saa 5 na nusu usiku.

Mahujaji watakuta laini zikiuzwa katika viwanja vya ndege vya Saudi Arabia, ambako tangu mwaka 2016 usajili hufanywa kwa alama za vidole. Inafaa kila kundi likakubaliana mapema mahali pa kukutana, kwa sababu katika msongamano wa Mina na Arafa mitandao huelemewa hata kwa mwenye salio. Saa za Makka na za Zanzibar ni sawa.

Katika Falme za Kiarabu, simu za sauti na za video kupitia WhatsApp zimekuwa zikizuiwa kwa miaka mingi, ingawa ujumbe wa maandishi na wa sauti iliyorekodiwa hupita. Waendao huko, na nchi nyengine za Ghuba kwa jumla, waulize wenyeji wao programu gani imeruhusiwa, na wasitegemee simu ya WhatsApp kuwa njia pekee.

Nchini China, WhatsApp na huduma za Google haziwezi kufikiwa kwa mitandao ya huko. Mtumishi aendaye kwa mafunzo ya miezi mitatu atie WeChat katika simu yake na ya mtu mmoja wa nyumbani, waijaribu kabla ya safari. Data ya romingi kwa kawaida hupitishwa kwanza kwenye mtandao wa nyumbani, na ndiyo maana laini ya nyumbani huweza kufungua WhatsApp ikiwa China, ila kwa bei ya romingi.

Katika Afrika Mashariki juhudi za kuondoa mipaka ya simu si mpya. Mwaka 2006 kampuni ya Celtel iliziunganisha Kenya, Uganda na Tanzania ili wateja wake watumie laini zao kwa bei ya wenyeji. Mwaka 2014 Kenya, Rwanda na Uganda zilianza kuondoa malipo ya kupokea simu baina yao. Hata hivyo msafiri wa Zanzibar asidhani kwamba kila mtandao na kila huduma, hasa data, imo katika nafuu hizo. Aulize mtandao wake. Wasafiri waendao Mombasa kwa njia ya Horohoro wafahamu pia kwamba simu huweza kunasa mtandao wa nchi jirani hata kabla ya kuvuka mpaka.

Laini iliyonunuliwa katika nchi moja ya Umoja wa Ulaya hutumika katika nchi nyengine za Umoja huo bila ya nyongeza ya romingi tangu tarehe 15 Juni, 2017, na utaratibu huo umeongezwa hadi mwaka 2032. Uingereza haimo tena. Nchini Marekani mitandao mikubwa ilifunga huduma za 3G mwaka 2022, hivyo simu za zamani za vitufe zinaweza zisifanye kazi kabisa. Na nchini Uturuki, simu iliyotoka nje ikitiwa laini ya huko hufungwa baada ya siku 120 isiposajiliwa na kulipiwa ushuru. Wanafunzi waendao huko walizingatie hilo.

Tahadhari ya pekee itolewe kwa vyombo vya safari. Baadhi ya ndege na meli kubwa zina mitandao yao inayopitia satelaiti, na bei yake hupita ya nchi yoyote. Simu iwekwe katika hali ya ndege tangu kuondoka hadi kufika.

WATUMISHI WA SERIKALI WENYE LAINI ZA KAZI

Mtumishi anayesafiri na laini inayolipiwa na ofisi aulize mapema, na kwa maandishi, kiwango gani cha simu kitalipwa na ofisi na kipi atalipa mwenyewe. Laini inayolipiwa mwisho wa mwezi ni ya hatari zaidi kuliko ya vocha: ya vocha husimama salio likimalizika, lakini hii huendelea kuhesabu, na hesabu hujulikana baada ya safari kwisha. Mtumishi aombe mtandao uweke ukomo wa matumizi. Nyaraka nzito zipokelewe kwa waifai.

USALAMA WA FEDHA NA SIRI

Laini ya nyumbani isitupwe wala isiazimwe. Ndiyo inayopokea nambari za siri za benki na ndiyo iliyofungwa na akaunti ya fedha kwa simu. Kwa wanaokaa ugenini muda mrefu, mitandao hufunga laini isiyotumika kwa muda uliowekwa, na nambari huweza kupewa mtu mwengine. Hivyo itiwe vocha na itumike mara kwa mara. Miamala ya fedha isifanywe kwa waifai ya hadharani isiyokuwa na nenosiri. Simu iliyokatika kutoka nambari ngeni ya nchi isiyojulikana isirudishwe, kwani wapo matapeli wanaojipatia fedha kwa njia hiyo.

Ikitokea dharura, nambari 112 huweza kupigwa katika nchi nyingi kwa simu ya mkononi hata isiyokuwa na salio, kupitia mnara wowote ulio karibu.

Wananchi wanaombwa kuwafahamisha wazee na jamaa zao wanaosafiri kwa mara ya kwanza, na kuwasaidia kuweka simu zao sawa kabla ya siku ya safari. Kazi hiyo haichukui zaidi ya nusu saa, nayo humwezesha mgonjwa na muuguzaji wake kubaki na fedha yao kwa jambo walilolisafiria, na kubaki na salio la kupatikana pale wanapohitajika.